Chambo Kimoja Tu, Sanduku Liache Nyumbani

Kama hujawahi kulikalia benchi la pale kona, mbele ya kibanda cha fundi viatu, basi hujakaa, umechuchumaa tu duniani. Benchi lenyewe alilitengeneza Randa, seremala. Siku hiyo miguu ya benchi aliipima kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa yanamsindikiza mtu barabarani, kwa hiyo ikatoka mirefu kama ya korongo. Mtu mzima akikaa pale, miguu yake inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Ukimuuliza, Randa anakwambia hilo ni benchi la kimataifa. Pembeni yake hukaa Mawimbi, fundi redio, anayeamini kwamba kila jambo duniani linaletwa na mawimbi, hata maumivu ya jino. Anayefuata ni Rangi Mbili, mchora mabango, ambaye ameandika kila kibao cha mtaa ule kwa nyekundu na bluu, kwa sababu anasema rangi nyingine zote hazina msimamo. Kila alasiri Mama Birika huja na kahawa yake, anaweka jiko chini, na haondoki mpaka birika lilie ukavu. Mwenye kibanda ni Soli, fundi viatu, na siku hiyo mwenye shida alikuwa yeye.

Shida aliiletewa asubuhi na mkewe, pamoja na chai.

— Baba anakusalimu. Kasema kesho alfajiri uende kule kwenye mawe, ukavue naye.

Soli alikishusha kikombe polepole kama bomu.

— Mimi?

— Kwani nina waume wangapi? Na kasema uende na chambo kimoja tu. Sanduku liache nyumbani.

Sasa lazima umjue huyo baba mkwe. Ni fundi bomba mstaafu, mtu aliyelala chali chini ya masinki ya watu zaidi kuliko alivyolala kitandani kwake. Kazi ile ilimzoesha kunyamaza, maana ukifungua mdomo chini ya sinki, unajua mwenyewe kinachoingia. Tangu Soli amuoe binti yake, maneno yote ambayo mzee amemwambia ukiyakusanya hayajazi kikombe cha kahawa. Siku ya harusi alimkabidhi binti akasema, "Haya." Mtoto wa kwanza alipozaliwa akasema, "Haya." Soli akienda kumsalimia anakaa kiti kile cha karibu na mlango, na hakuna aliyewahi kumkaribisha viti vya ndani. Sio kwamba mzee anamchukia. Mtu akikuchukia unajua pa kuanzia. Huyu alikuwa hajasema.

Na leo kasema. Tena kasema sentensi tatu nzima.

Basi alasiri ile Soli akaenda kijiweni na sanduku lake kwapani. Kesho ndiyo marufuku, leo bado halali.

Sanduku lile lilikuwa droo iliyofiwa na kabati lake. Randa aliitia vigawanyio na mfuniko, na ndani yake vyambo vimelala kila kimoja chumbani kwake kama wapangaji. Hivi si vyambo vya minyoo. Ni vile vya kutengeneza kwa mkono, vinavyojifanya samaki mdogo ili samaki mkubwa avitamani, halafu ndoana imsalimie. Vilianza siku Soli alipokuwa ananawa mikono kule ukingoni mwa maji. Bizimu ya kiatu ikamponyoka, ikawa inazama huku inametameta, mara akatokea samaki, akaidaka, akaitafakari, kisha akaitema kama mteja aliyesikia bei. Soli alirudi nyumbani si yule aliyetoka. Tangu siku hiyo kila kilichoingia kibandani kilikuwa hatarini. Visigino vya viatu vya kike vikawa samaki wa mbao. Soli za sponji zikawa samaki laini. Kamba za viatu zikawa mikia. Vijiko vya nyumbani vikaanza kukatwa mipini kimoja kimoja, mpaka mama watoto akawa anakoroga chai kwa mpini wa mswaki na kumtazama mumewe bila kupepesa.

Utaratibu wa kijiwe ulikuwa mmoja. Chambo kipya kikikamilika kinawekwa mezani, wote wanakizunguka, wanakiinamia kama madaktari, wanakitazama. Wakisema "hicho", kinaingia sandukuni. Mmoja akinuna, kinarudi kupakwa rangi. Hakuna ukumbi wa sheria duniani uliojadili mambo kwa uzito ule. Na mpaka siku hiyo, kwa kutupa mshipi kutoka nchi kavu, sanduku zima lilikuwa limevua kitu kimoja: kandambili ya mguu wa kushoto. Soli aliishona, akaitundika dirishani, anasubiri mwenye mguu.

— Sasa jamani, alisema, akifungua mfuniko. Mnipe kimoja. Kimoja tu.

Benchi zima likainama.

— Hapo hakuna mjadala, akasema Randa, akachomoa kisigino kirefu kilichochongwa mgongo. Kisigino. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika mwili wa kiatu kilicho chini kuliko vyote ni kipi? Kisigino. Umeshapata jibu.

— Hiyo methali inahusu kitanda, akasema Mawimbi.

— Kitanda kimetengenezwa na nani? Seremala. Usinifundishe kazi. Samaki na mbao ni ndugu, nyumba ya kwanza ya samaki ilikuwa gogo. Mimi mwenyewe nilishavua samaki kwa chambo cha mbao, tukakosa cha kumbebea, tukang'oa mlango wa nyumba. Tukambeba juu ya mlango watu wanne, mkia unaburuta. Ule mlango tulipourudisha, paka walikuwa wanakuja wanabisha hodi. Mwenye nyumba akahama.

— Mlango wa nani huo?

— Kahama, nakwambia. Nitamjuaje?

Rangi Mbili alikuwa ananyanyua vyambo kimoja kimoja, anavitazama kwa upendo wa baba. Vyote alivipaka yeye. Migongo ilikuwa na magamba mekundu na bluu, macho yenye kope, na kimoja, kijiko cha kupakulia, alikiandika mgongoni kwa herufi safi: KARIBU.

— Hiki, akasema. Chukua hiki, kesho mkweo akutafutie mke wa pili kwa furaha.

— Samaki hajui kusoma, akasema Mawimbi.

— Na wateja wako wanajua? Mbona wanakuletea redio wakati nimekuandikia pale FUNDI HODARI? Samaki ni mteja kama mteja mwingine. Anapita na shughuli zake, hana habari na wewe. Unamsimamisha kwa nini? Bango. Kitu kisicho na bango hakiuziki, hata kiwe kitamu vipi. Mimi nilimwandikia muuza mchele kibao, kesho yake mchele umeisha dukani, kesho kutwa watu wamekula kibao.

— Walikila na nini?

— Na njaa.

Mama Birika aliwamiminia kahawa, akagonga vikombe vyake kama anavyogonga kila siku kuwakumbusha kwamba yupo.

— Mnamchagulia mwenzenu chambo au mnamchagulia jeneza? Mbona kakauka hivyo?

Kweli, Soli alikuwa kakauka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anafuta brashi kwenye kile kijiti kinachoning'inia kwa uzi ukingoni mwa meza. Kila fundi viatu anacho kijiti kama hicho. Ukitoka kwenye dawa nyeusi kwenda ya kahawia, unafuta brashi hapo. Cha Soli kilikuwa kimefutiwa weusi, ukahawia, rangi ya damu ya mzee na chokaa ya viatu vya shule, miaka kwa miaka, mpaka kikanenepa. Alikuwa anakifuta bila sababu, brashi yenyewe kavu.

— Mimi sitaki kucheka leo, alisema. Mzee akisema kimoja, ana maana. Kwa nini kimoja?

Hapo ndipo alipokosea. Kijiwe ukikipa chambo kitajadili chambo. Ukikipa mkwe, umekwisha.

— Huyo anataka kuona kama una msimamo, akasema Rangi Mbili. Mwanamume wa rangi nyingi haaminiki.

— Hapana, akasema Randa. Kimoja maana yake mke mmoja. Kasikia una sanduku zima, akajiuliza, huyu mtu akiwa na vyambo hivi vyote, anavua nini mjini?

— Randa, usimtie mwenzako kiwewe.

— Mimi namfahamu yule mzee vizuri. Mrefu kama nguzo ya umeme, ana sauti ya radi. Harusini nilikaa naye karibu.

— Harusini ulikaa karibu na sufuria, akasema Mama Birika.

— Sufuria lilikuwa karibu naye.

Mawimbi alikohoa. Mawimbi akikohoa namna ile, ujue kituo kimepatikana.

— Nyote mnaongelea macho. Samaki hatumii macho. Samaki anasikia, tena kwa mbavu. Zile mbavu mnazozitema mnaziona miiba, zile ni antena. Hesabu mwenyewe, samaki mmoja ana antena nyingi kuliko stesheni nzima. Kwa hiyo achukue hiki.

Akainua chambo chake: bizimu mbili zilizofungwa kwenye springi ya redio, zikalia kama funguo za mlinzi.

— Mjomba wangu alikuwa anaishusha redio majini imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ikifika saa ya habari, samaki wanakuja wamepanga mistari. Ukiweka muziki wanaondoka. Zikisomwa salamu za rambirambi, wanainamisha vichwa. Hapo ndipo anapowazoa kwa beseni.

— Na kwa nini samaki waje kusikiliza habari?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Samaki walikuwa na miguu hawa, zamani. Hawakusikia. Unawaona leo walivyo? Sasa wanasikiliza kila kitu.

Hata Randa alilimeza hilo. Lilikuwa kubwa, lakini lilipita.

— Tupige kura, akasema Rangi Mbili. Penye wengi hapaharibiki neno.

Wakapiga. Kisigino kura moja. Kijiko cha KARIBU kura moja. Springi ya redio kura moja. Wote watatu wakamgeukia Soli. Soli akatazama sanduku. Alivipenda vyote, hilo ndilo tatizo. Ukimwambia mtu achague mtoto mmoja wa kumpeleka kwa babu yake, na babu mwenyewe hajawahi kumsalimia hata mmoja, atachagua yupi? Akinyoosha mkono kwenye kisigino, anamwona mzee anasema "Haya." Akikigusa kijiko, "Haya." Alishasikia "Haya" ya kutosha kushonea viatu vya jeshi zima.

Ndipo ikasikika sauti ya kandambili ya ngozi inayoburuzwa, shwaa, shwaa, na mzee mmoja mfupi, mkimya, kofia imemfika masikioni, akasimama mbele ya kibanda. Mguu mmoja amevaa, mwingine anauvuta kwa sababu mkanda umeng'oka.

Soli aliinuka kwa kasi, kigoda kikaanguka.

— Shikamoo baba.

— Marahaba.

— Shikamoo mzee, wakaitikia wa kwenye benchi, kwa sababu mkubwa ni mkubwa, na kila mzee ni baba. Hakuna aliyeshtuka. Wangemshtukia vipi? Nguzo ya umeme hawakuiona, radi hawakuisikia.

Mzee akaivua ile kandambili, akaiweka mezani.

— Mkanda, alisema.

Tangu ndoa ifungwe, alikuwa hajawahi kuleta kiatu pale. Alikuwa anakatiza mtaa mzima kwenda kwa fundi mwingine, na Soli alijua, na mkewe alijua kwamba anajua. Leo kaja, na kandambili yenyewe ni ya kukanyagia mawe. Mikono ya Soli ilitafuta sindano mahali ambapo sindano iko siku zote, ikaikosa mara tatu.

— Karibu benchini, mzee, akasema Randa, akampisha. Panda tu. Ni benchi la kimataifa.

Mzee akapanda kwa shida. Miguu yake, mmoja una kiatu, mmoja mtupu, ikabaki hewani mbali kabisa na ardhi. Mama Birika alimtazama mzee, akamtazama Soli aliyekuwa anaokota kigoda huku jasho linamtiririka, akamtazama mzee tena. Halafu akammiminia kahawa kwenye kikombe kile kisicho na ufa, asiseme neno. Wanawake wa kahawa wanaona mbali.

— Umekuja wakati mzuri, akasema Mawimbi. Tumefungana kura. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza mpe kura.

— Walisema hivyo lini? akauliza Rangi Mbili.

— Wakati wa uchaguzi. Mzee, huyu fundi ana mtihani. Kesho anakwenda kuvua na mkwewe.

Soli akakohoa.

— Mkwe mwenyewe, akaendelea Randa, usiombe. Mtu mkali. Ukikosea chambo mbele yake, binti anarudishwa kwao jioni hiyo hiyo.

— Kweli? akauliza mzee.

— Namfahamu. Kuna mkwe wake mwingine alikosea akaenda na mnyoo. Mpaka leo hajulikani alipo.

Soli akakohoa kikohozi cha mtu anayezama. Hakuna mkwe mwingine. Binti ni mmoja.

— Mpe kahawa, kimemkwama kitu, akasema Rangi Mbili, kisha akamgeukia mzee. Wanasema huyo mzee mabomba aliyafunga kwa kuyatazama tu. Anatazama koki, inaacha kuvuja yenyewe. Mtu wa namna hiyo atakutazamaje wewe na kijiko chako?

— Hmm, akasema mzee, akinywa kahawa.

— Na hasemi, akaongeza Mawimbi. Kwa nini hasemi? Ana sauti nzito mno. Siku aliyosema sentensi nzima, vioo vya mtaa vilipasuka.

Soli alikuwa ameinamia kandambili kama mtu anayetaka kuingia ndani yake. Alishona mkanda ule mishono ya kushonea tanga la meli. Aliwaza, ardhi ingekuwa na zipu ningeifungua.

Randa akamwekea mzee sanduku mapajani, wazi.

— Haya mzee wangu, tuamulie. Mwenzetu apeleke kipi?

Mzee akatazama. Alitazama muda mrefu, bila kuinama sana, kama mtu anayesikiliza kama bomba linavuja. Akachukua kisigino. Akapitisha kidole mgongoni, kwenye magamba mekundu na bluu yaliyochorwa moja moja. Akakirudisha. Akachukua kijiko, akasoma KARIBU kwa midomo. Akakirudisha. Akaichukua springi, ikalia, akaituliza kwa kiganja. Soli alikuwa ameacha kushona.

— Vizuri, akasema mzee.

Benchi likajaa kifua. Rangi Mbili akavuta kola.

— Lakini samaki, akauliza mzee, yeye anakitazama akiwa amekaa wapi?



Randa alifungua mdomo, akaufunga. Mawimbi alitafuta stesheni kichwani, akapata mkwaruzo mtupu. Rangi Mbili alitazama juu kama mtu aliyeona kibao kilichoandikwa vibaya. Birika lilikuwa mkononi mwa Mama Birika limeinama nusu, kahawa haitoki, yeye mwenyewe kasahau kama anamimina. Lilikuwa swali la mtoto mdogo, na kijiwe kilichokwisha kueleza kwa nini samaki hana miguu kilikuwa hakina la kusema.

Soli akampa mzee kandambili. Mzee akashuka benchini, akavaa, akakanyaga chini mara mbili kuupima mkanda, akatikisa kichwa kukubali. Akaondoka zake, tena na kikombe cha Mama Birika mkononi, na hakuna aliyekuwa na akili ya kumwita.

— Mzee wa ajabu, akasema Randa alipopata sauti. Nani yule?

— Ndiye, akasema Soli.

— Ndiye nani?

— Baba mkwe.



— Yule mfupi? akasema Randa.

— Ulisema ulikaa naye karibu, akasema Mama Birika.

— Labda alikuwa amekaa nyuma ya sufuria.

Rangi Mbili hakuwa anasikiliza. Alikuwa amechukua kisigino kile, polepole akakipindua tumbo juu. Mbao tupu. Chini yake gundi iliyokauka, alama ya penseli ya Randa, na namba ya kiatu, 38. Akapindua kijiko. Kutu. Akapindua cha sponji, kingine, kingine, mpaka sanduku zima likawa limelala chali. Migongo ilikuwa harusi, matumbo yalikuwa msiba. Hakuna hata tone la rangi.

— Wewe, akasema Mawimbi. Mbona hukupaka chini?

— Nani anapaka nyuma ya kibao? akasema Rangi Mbili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Nani anakwenda kuangalia nyuma ya kibao?

— Samaki, akasema Soli.

— Kwa hiyo miaka yote hii, Randa akasema taratibu, samaki wanasoma namba ya kiatu.

— Na miguu hawana, akasema Mawimbi. Ndiyo maana wanakwenda zao.

Wenzake walidhani Soli atalia. Badala yake alichukua uzi wa kushonea, akavifunga vyambo kimoja kimoja ukingoni mwa benchi, vikaning'inia vinazunguka. Ukingo ulipojaa, vilivyobaki akavifunga kwenye ukingo wa meza yake. Kisha akatandika aproni yake ya kazi chini, katikati ya meza na benchi, akalala chali hapo hapo barabarani, mtu mzima mwenye watoto, akatazama juu.

— Soli, simama, watu wanapita.

— Acha wapite. Njooni muone.

— Muone nini?

— Njoo ulale hapa ndiyo utaona. Toka lini samaki akasimama?

Mama Birika akacheka mpaka mkaa ukahama jikoni.

— Nendeni, akasema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kona ile methali kutua mahali pake, na labda kwa heshima hiyo wakashuka mmoja mmoja. Mawimbi alitandika gazeti. Rangi Mbili alilala na macho amefumba, kama mtu anayeogopa kuona kazi yake. Randa tumbo lilikataa kupita chini ya ukingo, akaingiza kichwa tu, sehemu nyingine ya Randa ikabaki nje kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Mama mmoja aliyepita na kapu aliuliza kama kuna ajali. Mama Birika akamwambia hapana, ni samaki.

Kutoka chini, vyote vilikuwa kitu kimoja. Kisigino kilichowagombanisha alasiri nzima, kijiko kilichosema KARIBU, springi yenye sauti, vyote vilikuwa madonge meusi mbele ya anga jeupe. Hakuna bluu, hakuna nyekundu, hakuna kope. Ungeambiwa hizo ni kokwa za embe zilizotundikwa, ungeamini.

— Mimi ningepita, akasema Mawimbi kwa unyenyekevu.

— Mimi nisingesimama hata kuuliza bei, akasema Rangi Mbili.

Macho ya Soli yalipita kwenye ukingo wa benchi lote, yakahamia ukingo wa meza, yakawa yanapita. Upepo ukavuma kidogo. Na kule mwisho kitu kimoja kikageuka. Kikatoa wekundu wa damu ya mzee, kikageuka, kikatoa kahawia yenye mng'ao wa nta, kikageuka, kikatoa weupe, tumboni, ubavuni, kila upande, kikarudi tena kwenye weusi. Kinatembea hewani kama kina roho.

Mkono wa Soli ukanyanyuka wenyewe. Hakuutuma.

— Hicho, akasema.

— Kipi?

— Hicho kinachogeuka.

Randa akasokota shingo.

— Hicho si chambo, bwana. Hicho ni kijiti chako cha kufutia brashi.

— Najua.

— Hakijapigiwa kura.

— Kimenivua mimi, akasema Soli. Unataka kura gani tena?

Wakakitazama wote wanne. Kikageuka. Kikageuka tena. Hata Mawimbi hakukisingizia wimbi lolote.

Ndipo karibu na sikio la Soli ikasimama kandambili ya ngozi. Aliujua ule mshono kabla hajaujua mguu.

— Kikombe chako, mama, ilisema sauti ile ndogo huko juu.

— Asante baba, akasema Mama Birika. Ningekuongeza, lakini kahawa imeisha.

Soli alitaka kuinuka amsalimu, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa benchi, akarudi chini. Randa alijaribu kujitoa, akakwama. Hapakuwa na la kufanya. Mzee akawatazama kuanzia upande mmoja mpaka mwingine: mmoja juu ya gazeti, mmoja juu ya aproni, mmoja amefumba jicho moja, mmoja kichwa hakionekani. Kisha akafuata macho ya Soli mpaka kwenye kijiti. Akakitazama kwa juu. Akavua kofia, akaiweka kwenye sanduku tupu, akashuka chini kwa goti moja, kiwiko, bega, mgongo, bila kupapasa, bila kuguna, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

— Sogea, alimwambia mkwewe.

Soli akasogea. Wakalala bega kwa bega, na kijiti kikageuka juu yao, wekundu, kahawia, weupe. Baada ya muda Soli aliiba jicho la pembeni. Mzee alikuwa ametulia kabisa, na mdomo wake, ule usiofunguka chini ya masinki, ulikuwa umefunguka kidogo, kama wa samaki aliyeona chambo.